Rangi Haina Kinywa: Namna ya kuhamisha orodha zetu bila kupoteza maana yake

(Maongezi ya wafanyakazi wa tereni mbele ya mkutano mkuu wa chama, Likasi)



Kwenye programu ya leo mliandikiwa kwamba sisi wa tereni tutatoa mafunzo juu ya kopie-kole katika Excel. Ni kweli, tutayatoa. Lakini mbele ya mafunzo tuko na deni la kulipa. Ile orodha tuliyobandika kwenye mlango wa biro, ile iliyoleta makelele Kikula na Panda kwa siku tatu, tulikosea sisi. Hakukosea mama wa sanduku. Hakuna franka hata moja iliyotoka katika sanduku bila kuandikwa. Tunasema hivi kwa sauti, mbele ya mkutano, kwa sababu wale waliomsema vibaya nao walisema kwa sauti.

Sasa tueleze namna kosa lilivyoingia, na namna ya kulizuia lisirudie.

Orodha ni kitu gani kwetu

Kwa watu wengine orodha ni karatasi tu. Kwetu sivyo. Kati yetu wako waliofukuzwa hapa hapa Katanga miaka ya 1992 na 1993, waliolala kwenye gare ya Likasi na watoto na mizigo wakingoja treni ya Kasai, na baadaye wakarudi. Wako waliovuka kwenda Zambia wakati Pweto ilipoanguka Desemba 2000, wakaishi Mwange na Kala miaka mingi. Wako waliokimbia tena mwaka 2017, wakapokelewa Kenani, halafu wakapelekwa Mantapala. Kila mmoja wao anajua mambo ya orodha. Jina likiwa juu ya karatasi, unapata turubai, bidoni, nafasi ndani ya lori. Jina likikosekana, unangoja. Na anayengoja ni yeye na watoto wake.

Kwa hiyo mtu wa kwetu akiona karatasi mlangoni, anaisoma mpaka mwisho, mstari kwa mstari. Tulipaswa kulikumbuka hilo.

Mambo yalivyopita

Tokea chama kilipoanza, mama wa sanduku anaandika katika kaye yake. Anatumia biki mbili. Nyumba ikiisha kupata msaada wa masomo, anaandika jina lake kwa biki nyekundu. Nyumba ambayo bado, anaandika kwa biki ya buluu. Mtu yeyote akifungua kaye ile, hata kama hajui kusoma sana, anaona mara moja nani amepata na nani bado.

Kijana wetu wa sekretariati alipoingiza kaye ile katika ordinatere alifuata desturi ya mama. Waliopata aliwapaka manjano, wasiopata aliwaacha weupe. Hakuandika neno lolote pembeni. Rangi ilitosha, kwa sababu sisi wote tulijua maana yake.

Halafu mfadhili mmoja akatutumia kaneva, ni kusema tablo yenye kolone zilizopangwa tayari, kwa ajili ya vifaa vya masomo vya nyumba thelathini. Maagizo yalisema tusiharibu sura ya kaneva. Ilipaswa kurudishwa usiku ule ule. Siku ile umeme ulirudi saa kumi na moja jioni. Tukafanya kile tulichofundishwa kazini: tukakopi majina katika faili letu, na kwenye kaneva tukabandika maandishi matupu, bila sura yake. Kaneva ikabaki safi kabisa. Tukafurahi. Tukatuma, na kesho yake asubuhi tukabandika karatasi mlangoni.

Mambo mawili yalikuwa yamepotea, na hatukuyaona.

La kwanza ni manjano. Ndani ya kaneva wote walikuwa weupe, ni kusema wote walionekana hawajapata. Nyumba thelathini zikahesabiwa tokea juu. Huko juu walikuwa wengi ambao walikwisha kupata. Huko chini, nje ya thelathini, zikabaki nyumba saba ambazo hazijapata kitu tokea mwanzo.

La pili ni tarehe. Kulikuwa na kolone ya siku ya kuandikishwa. Kaneva iliita kolone hiyo kwa herufi mbili tu, D.E., kwa Kifaransa date d'enregistrement. Tarehe zetu zilipobandikwa bila sura yake, hazikuwa tena tarehe. Mbele ya jina la kwanza pakatokea 45000. Mbele ya lingine 45001. Mbele ya lingine 45002. Wengine walisoma D.E. wakaona "deni". Wengine, waliosoma zaidi, wakasema ni dépense effectuée, pesa iliyokwisha kutoka. Kwa hesabu hiyo kila nyumba ilikuwa imepokea franka elfu arobaini na tano au zaidi. Na hakuna aliyepokea.

Mnajua kilichofuata. "Hii feza iko wapi? Mama alikula." Siku ya kwanza walisema watu wawili. Siku ya pili ilifika soko. Siku ya tatu mama hakuja biro. Tulimfuata nyumbani, akatupatia viti, akatuambia: "Feza iko mu sanduku, muende muhesabu. Jina yangu njo imetoka inje."

Aliyetusaidia ni baba mmoja mzee, zamani alikuwa kontable. Alisimama mbele ya mlango, akasoma karatasi yote, akatuita: "Mwee batoto, sanduku gani inagawa franka moja? Huyu 45 000, huyu 45 001, huyu 45 002. Ile franka moja munaitosha wapi? Ata ku soko haiko tena."

Hapo ndipo tulipofungua faili la kwanza na kuelewa. Excel haihifadhi tarehe kama sisi tunavyoiandika. Inahesabu siku tu. Tarehe 1 Januari 1900 ni siku ya 1, na kila siku inayofuata inaongeza moja. Tarehe 15 Machi 2023 ni siku ya 45 000. Tarehe 16 ni 45 001, tarehe 17 ni 45 002. Hizo ni zile siku tatu, Jumatano mpaka Ijumaa, tulizoandikisha watu chini ya mwembe. Franka hazikuwapo. Zilikuwa siku.

Tukasimamisha kazi, tukampigia mfadhili, tukarudia orodha kwa kusoma kaye ya mama. Vifaa vilikuwa bado havijatoka. Zile nyumba saba zimo sasa katika orodha. Tunamshukuru mfadhili kwa kutusikiliza bila hasira, na tunamshukuru yule baba.

Kaze iko na mwili na nguo

Sasa tuingie katika mafunzo. Kila kijumba kidogo cha Excel, tunachokiita kaze, kiko na mwili na nguo.

Mwili ni kile kilichoandikwa ndani: jina, namba, au hesabu inayofanywa na mashine, kama jumla ya michango. Nguo ni namna mwili ule unavyoonekana. Rangi ni nguo. Herufi nzito ni nguo. Mistari ya pembeni ni nguo. Lakini na alama ya dola ni nguo, na sura ya tarehe ni nguo, na zero ya mbele inaweza kuwa nguo tu. Hapo ndipo watu wengi wanadanganyika, kwa sababu alama ya dola inafanana na kitu kilichoandikwa. Unaona "20 $", kumbe ndani ya kaze kuna 20 tu.

Kuna nguo ya kupendeza na kuna nguo inayosema jambo. Mama akivaa nguo ya kilio, hakuna anayehitaji kumwuliza. Watu wanapunguza sauti, wanampisha. Lakini mumvue nguo ile, mumpeleke mji asikojulikana: watamsalimia kama mtu yeyote, watamwuliza bwana yake hajambo. Hawana ubaya. Hawakuambiwa tu. Manjano yetu ilikuwa nguo ya namna hiyo. Ilisema, lakini haikuwa na kinywa. Ilipovuliwa, ikanyamaza.

Kwa hiyo kabla ya kukopi orodha yoyote, swali la kwanza ni hili: hapa ndani, ni nguo gani inayosema jambo?

Namna ya kubandika

Tunasema majina ya Kifaransa kama yanavyoonekana kwenye mashine zetu za Likasi.

Njia ya kawaida. Unachagua kaze zote unazotaka, unafinya Ctrl na C. Unaenda mahali pa kubandika, unachagua kaze moja ya kwanza, unafinya Ctrl na V. Katika Excel, hata tokea faili moja kwenda lingine, njia hii inapeleka mwili na nguo pamoja. Pembeni chini inatokea alama ndogo. Ukiifungua unaweza kuchagua Conserver la mise en forme source, ni kusema nguo zibaki kama zilivyokuwa kule zilikotoka.

Njia hii iko na kasoro mbili. Ya kwanza: upana wa kolone haufuati. Ukiona kaze imejaa alama za ####, usishituke, namba haikupotea. Kolone ni nyembamba tu. Finya mara mbili kwenye mpaka wa kolone, juu kabisa kwenye herufi, itapanuka. Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Kama ndani ya kaze kuna hesabu ya mashine, hesabu hiyo nayo inahama, na huko inakoenda inaweza kuanza kujumlisha kaze zingine kabisa. Jumla ya michango inageuka, na wewe hukugusa kitu.

Njia ya kubandika mara mbili. Hii ndiyo tungepaswa kuitumia usiku ule. Unakopi mara moja tu, Ctrl na C. Mahali pa kubandika unafinya Ctrl, Alt na V pamoja. Linafunguka dirisha la Collage spécial. Mara ya kwanza unachagua Valeurs et formats des nombres: inaleta matokeo ya hesabu bila hesabu yenyewe, na tarehe inabaki tarehe, dola inabaki dola. Mara ya pili, pale pale, unafungua dirisha lile tena, unachagua Formats: inaleta rangi na mistari. Ukitaka na upana, mara ya tatu unachagua Largeurs de colonnes. Huhitaji kukopi upya kila mara. Kama ile mistari midogo inayotembea bado inazunguka kaze ulizokopi, unaweza kubandika. Ukifinya Echap, imekwisha.

Kama kaneva haitaki rangi, simama kwenye Valeurs et formats des nombres. Lakini usichague Valeurs peke yake kama kuna tarehe au pesa. Hilo neno moja fupi, Valeurs, ndilo lililotuzalishia 45 001.

Njia ya burashi. Mwili umekwisha kufika, nguo ndiyo imekosekana. Chagua kaze yenye nguo nzuri, finya ile burashi iliyo katika Accueil, inaitwa Reproduire la mise en forme, halafu pitisha juu ya kaze zilizo uchi. Ukiifinya mara mbili inabaki mkononi, unaweza kupaka sehemu nyingi mpaka ufinye Echap.

Angalizo kwa vijana: Ctrl, Maj na V haifanyi kazi moja kila mahali. Katika Google Sheets inabandika maandishi tu, nguo zinabaki nyuma. Katika LibreOffice inafungua dirisha la kuchagua. Kwa hiyo uliza kwanza uko ndani ya programu gani.

Telefone, zero na koma

Wengi wetu hatuna ordinatere, tuko na telefone. Mjue hivi: ukikopi kaze za orodha na kuzibandika katika ujumbe wa WhatsApp, nguo zote zinabaki. Yanafika maandishi matupu, na kolone zinachanganyikana. Tuma faili lenyewe, kama dokima. Kama ni la kusoma tu, tuma PDF.

Namba za telefone. Namba zetu zinaanza na zero. Ukiandika 099 na zinazofuata ndani ya kaze ya kawaida, Excel inafikiri ni namba ya kuhesabu, inatupa zero. Kwa anayetumiwa pesa kwa telefone, namba bila zero ni namba inayokataa. Kabla ya kubandika namba, chagua kolone nzima, ipe format Texte. Au andika alama ya ' mbele ya zero. Hapo zero inakuwa mwili, si nguo.

Koma. Hili linatuhusu sisi tuliorudi kuliko wengine. Vijana wetu waliosoma Zambia wanaandika elfu moja mia tano hivi: 1,500. Huko koma inatenga maelfu. Mashine zetu hapa zinafuata Kifaransa, na kwa Kifaransa koma inatenga sehemu ya namba. Ukikopi 1,500 tokea ujumbe na kuibandika katika Excel ya hapa, inasoma moja na nusu. Michango ya mwaka inaweza kuisha katika koma moja. Dawa yake: ukitoa namba katika ujumbe, ondoa koma kwanza. Na kama unaweza, omba faili lenyewe. Namba iliyo ndani ya faili haigeuki, kila mashine inaivalisha kwa desturi yake.

Dola na franka. Hapa Likasi tunalipa kwa zote mbili siku moja. Mtu mmoja analeta dola 20, mwingine franka 20 000. Alama zikivuliwa, inabaki 20 na 20 000, na mashine bila haya inajumlisha 20 020. Hiyo si dola wala si franka. Ni uongo uliopangwa vizuri.

Si sisi peke yetu

Hatusemi haya kwa kujitetea. Tunayasema ili kijana wa sekretariati asifikiri ni mjinga.

Mwaka 2008 benki ya Uingereza, Barclays, ilikuwa inanunua mali ya benki ya Marekani iliyoanguka, Lehman Brothers. Mikataba ilikuwa katika tablo ya Excel. Mistari ya mikataba isiyotakiwa haikufutwa, ilikuwa imefichwa tu. Kufichwa ni nguo. Faili lilipogeuzwa kuwa PDF, mistari ile ikatokea, na mikataba 179 ikaingia katika orodha ya kununuliwa. Wanasheria walilazimika kurudi mahakamani kuomba itolewe.

Na mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayotoa majina ya jeni za binadamu ilitangaza kwamba imebadilisha baadhi ya majina hayo, kwa sababu Excel ilikuwa inayageuza kuwa tarehe. Jeni iliyoitwa MARCH1 sasa inaitwa MARCHF1. SEPT1 inaitwa SEPTIN1. Wale wataalamu hawakungoja mashine ijifunze. Walibadilisha namna yao ya kuandika. Na sisi tufanye vile vile.

Tuliyokubaliana

Pamoja na kamati na mama wa sanduku tumepatana juu ya mambo haya, na yameanza kufuatwa.

Moja: kila rangi iwe na kolone yake. Tumeweka kolone inayoitwa HALI, na ndani tunaandika AMEPATA au BADO. Rangi haikukatazwa, inasaidia macho. Lakini sasa mashine yenyewe inapaka manjano ikiona neno AMEPATA. Kazi hiyo inaitwa mise en forme conditionnelle. Rangi ikipotea njiani, neno linabaki.

Mbili: pesa iwe na kolone mbili, moja ya kiasi, nyingine ya jina la pesa, USD au CDF.

Tatu: telefone zote ni Texte.

Nne: kichwa cha kolone kiandikwe neno zima, na kwa Kiswahili chini yake. Hakuna tena D.E.

Tano: faili la asili haliguswi. Tunafanya kazi juu ya nakala yenye tarehe katika jina lake.

Sita: kabla ya kutuma tunahesabu mara mbili, kwenye faili la kwanza na kwenye kaneva. Majina mangapi? AMEPATA wangapi? BADO wangapi? Jumla ya pesa ngapi? Namba moja ikikataa, hatutumi.

Saba: hakuna karatasi inayobandikwa mlangoni kabla watu wawili hawajaisoma kwa sauti pamoja, mmoja akishika karatasi, mwingine akishika kaye ya mama. Kaye haiondoki. Kuna watu waliotuambia kwamba kwa vile tuko na ordinatere, kaye imezeeka. Siku ile ordinatere ilituchanganya, kaye ndiyo iliyotutoa.

Neno kwa wafadhili

Ndugu zetu mnaosoma haya toka mbali, tuko na maombi matatu.

Mkituma kaneva, muache kolone moja tupu tuweze kuandika mambo ambayo hamkuyafikiria. Kaneva yenu inajua mnachouliza. Haijui sisi tunachokijua.

Mtupatie siku mbili, si usiku mmoja. Umeme hautusikilizi, na kusoma orodha kwa sauti kunachukua saa.

Na mkiona kitu cha ajabu katika orodha yetu, kama namba zinazopanda moja moja au kolone yenye majina yote ya namna moja, mtupigie kabla ya kuamua. Mtu anayeishi mbali anaweza kudhani ni wizi. Mara nyingi ni nguo iliyoanguka.

Mwisho

Tunarudi kwa mama wa sanduku. Mama, kosa lilikuwa letu na aibu ikakuangukia wewe. Tulikuja nyumbani kuomba msamaha, ukatupokea. Leo tunauomba tena hapa, kwa sababu msamaha wa nyumbani haujafika sokoni. Kila mwanamemba aliyesikia yale maneno, aende akaseme na haya. Tumebandika orodha mpya mlangoni, na chini yake tumeandika kwa herufi kubwa kwamba ile ya kwanza ilikosewa na wafanyakazi wa tereni.

Mafunzo ya mikono yataanza baada ya mkutano huu, kwenye biro. Ordinatere ni mbili tu, kwa hiyo tutaingia watano watano. Kila kikundi kilete kaye yake. Tutaanza na ya mama.